Taulo la Kijani la Papa Yako

Pacifique mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima, maana nakusikia. Uko nyuma ya ukuta wa jikoni, umefungua begi kwa mara ya nne, na nguo zenyewe unazozipanga ni tatu. Kwa mtu anayekwenda kuishi na watawa wasiosema, una kelele nyingi sana. Jioni bado ni mapema, jua liko juu ya mapaa ya mtaa wa Flagey, na jua la Juni la huku unalijua, halina haraka ya kwenda kwao. Nataka kumaliza kabla halijaondoka. Nikimaliza nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako leo hii, sitangoja kesho kwenye stesheni ya Gare du Midi. Kesho ungeisomea ndani ya treni, na ukishafika kule mlimani wamesema jamaa wanaruhusiwa kutembelea siku mbili kwa mwaka, na barua chache. Ninachotaka kukuambia hakiwezi kungoja siku hizo mbili.

Mambo ya soksi na dawa ya kikohozi nayaacha. Kuna frère, mtawa wa huko, atakayekuambia saa ya kula na saa ya kulala, na pengine utamsikiliza yeye kuliko ulivyonisikiliza mimi. Nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na miwili. Linahusu papa yako Déo, mume wangu, na wewe, na jinsi nilivyokuacha uamini kitu ambacho si kweli. Nitalifikia. Unajua maman yako hajui kufika mahali bila kuzunguka kwanza, basi nivumilie.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja alipokufa, kwa hiyo nadhani unamkumbuka zaidi akiwa mgonjwa. Mimi namkumbuka kule kwetu Bukavu, mwalimu wa hesabu mwenye shati moja jeupe alilolifua mwenyewe kila jioni. Huku Brussels alisafisha ofisi za watu kabla hawajaamka, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Ila alikuwa na namna ya kuomba iliyonikera. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, midomo haitikisiki. Siku moja nilimuuliza, "Déo, unaombaka ao unasinziaka?" Akafikiri kidogo kama kawaida yake, akasema, "Niko pale tu." Niliwasimulia wanawake wa kikundi chetu cha maombi, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Niliona ni uvivu.

Mimi nilikuwa na sauti. Nilipoanza kuomba hapa nyumbani, jirani wa ghorofa ya chini aligonga dari yake kwa ufagio, nami niliamini ni shetani anajibu. Kwenye kikundi chetu cha Ijumaa, katika ule ukumbi wa nyuma ya kanisa, nilikuwa wa mwisho kuomba, maana baada yangu hakuna aliyethubutu. Sisemi yote yale yalikuwa bure. Tulifika nchi hii bila karatasi wala koti, na wale wanawake walinishika mkono, wakalia pamoja nami, wakanipa nguvu ya kuamka kesho yake. Lakini taratibu, bila kujiona, nilianza kupenda kusikilizwa na watu kuliko kusikilizwa na Mungu. Hilo limenichukua miaka mingi kulisema.

Na tulikuwa na ile desturi yetu ya kushuhudia mapema. Unaikumbuka. Mtu haombi tu apone. Anasimama mbele ya wote na kushukuru kwamba amekwisha kupona, ili imani imalizie kazi. Ukishashuhudia huwezi kurudi nyuma. Ukisema bado unaumwa, umemfanya Mungu mwongo, na aliyekuombea umemtia aibu. Hatukuiandika popote, lakini kila mmoja wetu aliijua.

Papa yako alianza na maumivu ya mgongo, kisha tumbo. Nilimwombea wiki tatu. Wiki ya nne nilimwita mbele. Hakuniambia amepona, wala sikumuuliza. Nilisema tu, "Munaona huyu papa? Wiki yenye imepita alikuwa hawezi hata kupanda ngazi. Leo Bwana amemuponyesha." Wakaitikia amina, ngoma ikalia. Nikamwambia ainue mikono, akainua. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso. Nikageuza uso wangu kwa watu nikaendelea kuimba.

Ndani ya tramu aliniambia kwa sauti yake ya chini, "Mama Pacifique, umesema vile mbele ya batu bote."

"Ni imani, Déo."

"Bon. Donc nimepona." Akatabasamu, akaangalia nje. Jumatatu yake tulikuwa na rendez-vous ya daktari, na hatukwenda. Mimi ndiye niliyepiga simu kusema hatutakuja.

Kuanzia pale hakusema tena "ninaumwa" ndani ya nyumba hii. Nilipomuuliza, alijibu niko muzuri. Alikuwa akinilinda, mwanangu. Mwanamke wake amesimama mbele ya watu wote akamtangaza mzima, sasa yeye angefanya nini? Aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungulia maji. Wewe ulimkuta huko, na jambo hilo sikulisikia kutoka kwako mpaka miaka saba baadaye.

Unajua ninaizungumzia siku gani. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nachambua mchele, wewe umesimama karibu na friji, nikakuuliza kwa ukali kwa nini huji tena Ijumaa, kwa nini umeacha kuomba pamoja nasi. Ndipo ukaniambia. Ukasema ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mlango haukufungwa vizuri, papa yako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea ameuma taulo la kijani, na macho yake yalipokutana na yako alilitoa mdomoni akakuambia, "Usiambie maman. Atasikitika sana." Na wewe ukaahidi.

Nikakupiga kofi. Nikasema ni shetani anakusemesha, papa yako alikufa katika imani, usimchafue. Ulikuwa umenipita urefu kwa kichwa kizima, ungeweza kunishika mkono ukauzuia. Hukuuzuia. Ulipiga magoti kwenye kile kigae kilichopasuka, ukasema, "Maman, unisamehe. Ni miye nilinyamaza. Kama ningekuambia, papa angefika hospitali."

Nami nikakuwekea mkono kichwani, nikakusamehe.

Nimeandika mstari huo na nimeweka kalamu chini kwa muda. Sasa naendelea.

Baada ya hapo ulinyamaza kwa namna nyingine. Nilidhani ni msichana. Niliomba iwe msichana. Kumbe ulikuwa unasoma habari za wale watawa wa kwanza kabisa, wa zamani sana, walioacha vijiji vyao wakaingia jangwa la Misri. Jumapili moja, tunapika majani ya muhogo, ile sombe yetu, ulinieleza: kila mmoja na chumba chake kidogo cha udongo, mikono inasuka kamba na vikapu vya makuti, mdomo unarudia sala moja fupi kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, mpaka sala inashuka kutoka mdomoni, inaingia kifuani, inaendelea yenyewe hata mtu anapokula. Na mtu aliyeingia na hasira zake anaanza kuwa mpole, na hajui ilianza lini. Nakumbuka nilivyokujibu, nikimtaja dada yangu mkubwa. "Yaya yangu wa Bukavu anasukaka vitunga toka utoto, na mpaka leo ako na hasira." Ulicheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka hivyo tangu lile kofi, na kwa ajili ya kicheko hicho nilikuuliza maswali zaidi, ingawa sikuwa na hamu ya majibu.

Hujui kilichofuata, maana sikukusimulia. Kule Auderghem, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kuna chumba cha chini ambako tunakunja nguo zilizotoka kwenye mashine. Hakuna dirisha. Wenzangu hawakipendi kwa sababu simu haishiki. Mimi nilianza kuomba nipangiwe humo. Nikasema nijaribu ujinga wa mtoto wangu. Nakunja taulo, nasema, "Bwana, unihurumie." Nakunja jingine, nasema tena. Maneno mawili tu, mimi niliyezoea kumweleza Mungu mambo kwa dakika arobaini kana kwamba hayajui.

Wiki za kwanza nilichoka vibaya. Niliwaza basi la kurudi, niliwaza nyama ya kuyeyusha, niliwaza maneno niliyopaswa kumjibu mwanamke mmoja mwaka uliopita. Kisha zikaja hasira, nyingi, hata za Bukavu, hata za utotoni. Ulikuwa umenionya bila kujua, uliposema kwamba wale wazee hawakukuta utulivu jangwani, walikuta kila kitu walichodhani wamekiacha kijijini. Halafu, mwezi wa tatu au wa nne, nikaanza kulia. Machozi yalikuwa yanatoka tu, bila sababu, yanadondokea mataulo ya wazee wa watu, na nilikuwa nayakunja hivyohivyo. Niliona labda ni uchovu. Nikaendelea na maneno yangu mawili.

Siku moja mashine ilitoa taulo la kijani. Sijui lilitoka wapi, yetu yote ni meupe. Nililishika, mikono ikakataa kulikunja. Nikakaa sakafuni na nikakumbuka, ingawa kukumbuka si neno lake, maana sikuwa nimesahau hata siku moja. Nilikuwa nimelifunika tu kwa sauti yangu.

Ulinieleza jambo moja zaidi kuhusu wale watawa. Kijana aliyeteswa na wazo baya alikwenda kwa mzee wake akalisema lote kwa mdomo wake, hata kama ni la aibu, kwa sababu wazo lililofichwa linaota, kama viazi nilivyovisahau chini ya sinki, unakumbuka, mizizi ikatoka mpaka kwenye bomba. Likishasemwa linakosa nguvu. Nimemtafuta mzee wa kumwambia langu. Padri nimemwambia, na aliniondolea dhambi, na namshukuru. Lakini si yeye niliyemkosea. Kwa hiyo leo, pamoja na miaka yako ishirini na mitatu na begi lako la nguo tatu, wewe ndiye mzee wangu. Kaa kitandani usome.

Lile taulo nililifua mimi.

Hukunificha kitu, Pacifique. Nilijua. Nilijua siku nyingi kabla hujaona wewe. Nililikuta kwenye kikapu cha nguo chafu, nikaona meno yake. Yalikuwa yametoboa ukingo, na palikuwa na damu kidogo. Hakuna mke asiyejua meno ya mume wake. Nilisimama nalo bafuni na nikaelewa yote, mara moja, pamoja na ngazi na jasho na maji yanayofunguliwa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na mimi ndiye niliyepaswa kuongoza. Nililifua kwa maji moto, nikalikausha, nikalirudisha palepale bafuni, kwenye kile chuma cha ukutani kinachotia joto, ili akilihitaji alikute kavu. Nilifanya hivyo mara nyingi. Nilikuwa namhudumia katika maumivu yale, kimya kimya, na sikumwambia kwamba ninajua, na yeye hakuniambia kwamba anaumia. Mara moja nilikuta amelikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayeshukuru. Nimeishi na ile mikunjo miaka yote hii.

Kwa hiyo watu watatu ndani ya nyumba ndogo hii walijua kitu kimoja, na kila mmoja alikibeba peke yake. Mmoja alikuwa mtoto. Yule mtoto alipokuja kuomba msamaha, mimi niliyekuwa mtu mzima, niliyepiga simu kwa daktari, niliyefua taulo, nilimsamehe.

Kuna na hili. Tulipofika hospitali mwishowe, daktari aliniita kwenye korido, mimi peke yangu. Alisema ugonjwa ulikuwa wa aina ile inayokwenda haraka, na hata tungekuja miezi ile ya mwanzo, kuna uwezekano mkubwa asingepona. Kisha akasema kwa upole, "Mais on aurait pu le soulager, madame." Wangeweza kumtuliza. Hilo ndilo nililomnyima, usingizi na nafuu, na si wewe uliyemnyima. Nilikuficha maneno ya daktari kwa sababu ningekuambia nusu ya kwanza, ungeuliza ya pili.

Sasa sikiliza. Unapoeleza kwa nini unakwenda kule, unasema maneno mazuri, na ninaamini mengi. Nimekuona ukiomba asubuhi hapo kwenye kiti cha dirishani, mikono juu ya magoti, na mara ya kwanza nilipokuona nililazimika kurudi chumbani, kwa jinsi ulivyokuwa yeye. Lakini mwezi uliopita nilikusikia ukimwambia yule frère kwenye simu kwamba una kitu cha kutubia maisha yako yote. Nilikuwa nashika sufuria. Nilielewa ni kitu gani. Mwanangu anakwenda kufungiwa mlimani ajute kosa la maman yake, na maman yake anamfungia sambusa za safari.

Wiki nzima nimejiuliza kama nakuambia haya ili usiende. Nitakuwa mkweli, sehemu yangu moja inataka hivyo. Inataka ufungue begi kwa mara ya tano, uzitoe zile nguo, uzirudishe kabatini, na kesho jioni tule wote sombe. Nina miaka hamsini na sita, na sina mwingine. Nikiwaza asubuhi ya Jumapili bila kusikia mlango wako, ninaogopa kama mtoto. Hilo lipo, silifichi, nimechoka kuficha. Lakini sikukuandikia kwa sababu hiyo. Ulisema mwenyewe, wale waliokimbilia jangwani kwa kukimbia kitu hawakukaa, au walikaa wakawa wabaya kuliko walivyokuwa. Ukienda, nenda kwa sababu unataka kuwa pale. Na kama ukiondoa lile kosa unakuta hakuna kilichobaki cha kukupeleka, basi kitanda chako kipo, na treni itaondoka bila wewe, na hakuna atakayekucheka. Nitawanyamazisha mimi, kwa hilo bado nina sauti.

Wanawake wa kikundi walitaka kuja kesho. Walishapanga vitenge vya sare, na ngoma pia, wakuzunguke pale kwenye jukwaa la treni, wakuwekee mikono, mimi nikiongoza. Nimewakatalia. Maman Béa hakufurahi. "Eh, mutoto anaenda bila maombi?" Nikamwambia anaenda nayo, ila mara hii hamtayasikia. Amekasirika, atapoa. Kesho, ukiamua kwenda, tutakuwa wawili tu, na nitakushika mkono mpaka watakapofunga milango.

Jua limefika kwenye dirisha la jirani, na wewe umeacha kugusa begi. Labda umekaa. Ninamaliza.

Ninakuomba msamaha, Pacifique. Kwa kofi. Kwa ule msamaha niliokupa, ambao haukuwa wangu kuutoa. Kwa miaka kumi na miwili uliyotembea na mzigo wangu ukidhani ni wako, na mitano ya mwisho mimi nikikuangalia hali najua. Na kwa papa yako, ambaye siwezi tena kumwomba, nakuomba wewe, kwa sababu una mikono yake. Usinijibu haraka. Si lazima uniwekee mkono kichwani, wala usiseme imekwisha kama haijakwisha.

Naisukuma barua hii chini ya mlango wako, kisha narudi jikoni, napiga magoti kwenye kile kigae kilichopasuka, pale ulipopiga wewe. Mlango sitaufunga. Sitaimba, sitamweleza Mungu chochote. Ukitaka kuja, utanikuta. Ukitaka kulala, lala, nitasikia kitanda nami nitajua umesoma.

Niko hapa tu.

Maman yako